Dawa Kali, Lakini Kali kwa Nani?

Kiswahili hakioni haya na neno dawa. Tunanunua dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya panya na dawa ya minyoo, mara nyingine kwenye duka moja, na hakuna anayeshtuka kwamba tatu kati ya hizo nne zimetengenezwa ili ziue. Nadhani hapa lugha imewatangulia wasomi wengi. Imekataa kujenga ukuta kati ya kuponya na kuua, kazi hiyo ikakiachia kipimo. Balaa linaanzia kwenye kivumishi tunachokipachika mbele yake: kali.

Siku ya mnada, saa nne asubuhi, duka la pembejeo limejaa. Mzee mwenye fimbo kwapani anamwambia kijana wa kaunta, "Mwanangu, nipe ile kali. Hii ya mwezi uliopita kupe wanaichekea." Kijana anateremsha chupa mbili. Moja ni amitrazi, nyingine ni deltamethrini. Zote zina mkanda wa njano chini ya lebo. "Ipi kali zaidi?" Kijana anazitazama bei, kisha anasogeza ile ya bei kubwa. "Hii, mzee wangu." Biashara imeisha.

Mkanda ule wa njano una hadithi ambayo haijawahi kusimuliwa kaunta. Rangi zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani: nyekundu kwa sumu kali mno, njano kwa za wastani, bluu kwa za chini, kijani kwa zile ambazo haielekei zitamdhuru mtu zikitumiwa inavyotakiwa. Na daraja lenyewe linatokana, kwa sehemu kubwa, na swali moja tu: ni miligramu ngapi kwa kila kilo ya uzito zitaua nusu ya kundi la panya wa maabara wakizimeza? Jibu likiwa chini ya 50, mkanda ni mwekundu. Likiwa kati ya 50 na 2000, ni njano. Deltamethrini imeandikiwa 135, amitrazi 800. Tofauti ni karibu mara sita, lakini rangi ni ile ile. Halafu aliyepimwa ni panya, aliyemeza. Ng'ombe wa mzee hatameza kitu, atamwagiwa mgongoni. Na kupe, ambaye ndiye anayegombezwa na mzee, hayumo kabisa katika hesabu hiyo. Dawa inaweza kuwa "kali" kwa panya na isimfanye kupe lolote, hasa kupe ambaye baba na babu zake walioga dawa hiyo hiyo kwa miaka kumi.

Kipimo hicho, LD50, kilianza mwaka 1927 nchini Uingereza, mikononi mwa mtafiti J. W. Trevan. Hakuwa akitafuta bingwa wa sumu. Shida yake ilikuwa ya kazini: dawa kama dijitalisi, inayotokana na mmea, na insulini, iliyotoka kwenye kongosho za wanyama, zilitofautiana nguvu kila fungu lilipotengenezwa. Palihitajika njia ya kulinganisha fungu la leo na la mwezi uliopita. Kabla yake watu walizungumzia "dozi ndogo kabisa inayoua". Trevan akaonyesha kwamba dozi hiyo haishikiki, maana inategemea umemkuta mnyama gani: dhaifu hufa mapema, sugu hukataa kufa, na ukirudia jaribio kesho unapata namba nyingine. Katikati, pale nusu wanapokufa na nusu wanabaki, ndipo namba inapotulia. Nusu ilichaguliwa kwa sababu ya hisabati. Haina maana nyingine yoyote ya kibaolojia, na hilo ningependa liandikwe ukutani katika kila darasa la mifugo.

Kwani mfugaji mwenye mbuzi 8 hajali nusu. Anamjali wa kwanza kufa. Chukua dawa mbili zenye LD50 sawa, tuseme 100. Ya kwanza, ukipunguza dozi hadi 50, hakuna anayekufa. Ya pili, kwa dozi hiyo hiyo ya 50, bado inamchukua mbuzi mmoja au wawili kati ya kumi. Kwenye jedwali dawa hizi ni ndugu pacha. Bandani ni vitu viwili tofauti kabisa. Kinachozitenganisha ni mteremko, yaani jinsi vifo vinavyoongezeka kadiri dozi inavyopanda, na mteremko hauonekani katika namba moja. Ndiyo maana mtu makini huuliza pengo: kati ya dozi inayotibu karibu wote na dozi inayoanza kuua mmoja, kuna nafasi kiasi gani? Kwa ivermektini, ng'ombe ana uwanja mpana wa kukosea. Kwa levamisoli, uwanja huo ni mwembamba. Dawa zote mbili huuzwa kama "ya minyoo", na kaunta huzitenganisha kwa bei.

Hata wenyewe waliokuwa wakiyaongoza majaribio haya wameanza kuyapa kisogo. Mwaka 2002 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalotoa pia miongozo ya kupima kemikali, ilifuta mwongozo wake wa zamani wa kupima LD50 kwa kumeza. Njia zilizobaki hutumia wanyama wachache, na mojawapo haisubiri kifo kabisa, inatazama dalili. Namba za zamani, hata hivyo, bado zinaishi kwenye lebo.

Sasa niingie kwenye kiini cha ugomvi wangu, yaani lile neno "kwa nani".

Watu wa majosho wa umri wangu wanaikumbuka klorofenvinfosi. Ni dawa ya jamii ya oganofosfeti iliyoogesha ng'ombe wengi Afrika Mashariki baada ya zama za aseniki na toksafeni. Kwa panya anayeimeza, LD50 yake ni kati ya miligramu 10 na 39 kwa kilo, kwa hiyo haijadiliwi: mkanda mwekundu. Sungura anahitaji 300 au zaidi. Mbwa? Zaidi ya 12,000. Soma tena. Chembe ile ile, mdomoni, na mbwa anavumilia mara 300 ya kile kinachomlaza panya chini. Ini lake huivunja dawa haraka na ubongo wake haupati nyingi. Kama maabara za dunia zingekuwa zimezoea kufuga mbwa badala ya panya, chupa ile ingepewa mkanda wa kijani na watunza josho wangeishika kwa mikono mitupu.

Kinyume chake ni monensini. Wafuga kuku wanaijua bila kuijua, kwa kuwa mara nyingi imo ndani ya chakula kuzuia ugonjwa wa kuhara damu. Kuku anahitaji takriban miligramu 200 kwa kilo ili nusu ya kundi ife. Ng'ombe kati ya 20 na 80. Farasi ni 2 hadi 3 tu. Misuli ya moyo wake haiwezi kuhimili kitu ambacho kuku anakidonoa kila siku na kunenepa. Fanya hesabu kwa farasi wa kilo 400: miligramu 800 zinamweka katikati ya hatari. Chakula cha kuku kilichochanganywa vizuri kina miligramu 100 hivi katika kila kilo, maana yake angehitaji kula kilo 8, ndoo iliyojaa. Lakini mchanganyiko wenyewe mbichi, ule wa kiwandani wenye gramu 100 za monensini katika kila kilo, unahitaji gramu 8. Hivyo ni vijiko viwili vya chai vilivyodondoka kwenye mashine kabla ya kusaga chakula cha mnyama mwingine. Ukali wa chembe haukubadilika hata kidogo kati ya ndoo na kijiko. Kilichobadilika ni uwezekano wa mnyama kukutana nayo kwa kiasi cha kumuua. Wataalamu hutenganisha sumu na hatari kwa namna hiyo hiyo, nasi kwenye mazungumzo yetu tunazichanganya kila siku.

Hili lilinifika nyumbani. Dada yangu alikuwa na paka mwenye viroboto. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, alimpa kichupa cha dawa ya kuogeshea ng'ombe ya jamii ya pairethroidi na kumwambia adondoshee shingoni bila kuchanganya na maji, "haina neno, hata mbwa wangu naweka." Jioni paka alianza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima. Tulimwosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu saa tano usiku, na hilo lilikuwa sahihi lakini lilichelewa. Alikufa usiku wa pili. Muuzaji hakudanganya, mbwa wake kweli alikuwa mzima. Ila ini la paka ni dhaifu katika kuunganisha mabaki ya dawa na asidi ya glukuroniki ili yatoke kwa mkojo. Udhaifu huo huo ndio unaofanya kidonge kimoja cha paracetamol, ambacho mtoto wa shule anameza na kurudi uwanjani, kiwe kifo cha paka. Paka si mbwa mdogo. Wala punda si ng'ombe mwembamba, na hapa nina wasiwasi zaidi, kwa sababu boma lenye ng'ombe mara nyingi lina punda wa kubeba maji, na bomba la mgongoni likishajazwa amitrazi kila mwenye manyoya hupitishiwa. Farasi waliomwagiwa amitrazi huko Australia walisimama matumbo, kinyesi kikakauka ndani. Mimi nisingemmwagia punda wangu.

Baada ya "kwa nani" kuna "kwa njia ipi", na hapa namba hucheza ngoma za ajabu. Deltamethrini ya 135 niliyoitaja hapo juu ilimezeshwa panya ikiwa imeyeyushwa kwenye mafuta. Wape panya hao hao deltamethrini iliyotawanywa kwenye maji na utavuka 5000 bila kufikia nusu. Mafuta huibeba kupita ukuta wa utumbo; maji huiacha nje. Mtu anayechanganya dawa ya josho na mafuta ya kula "ili ishike kwenye ngozi" (nimeshuhudia) anabadilisha kitu kikubwa kuliko anavyodhani.

Kasi nayo ni kipimo. Mtama uliochipua baada ya ukame una sianidi iliyofungwa ndani ya majani. Mnyama anayecheua ana bahati mbaya, kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake vinaifungua haraka, huku nguruwe na farasi wakiwa na nafuu. Miligramu 2 hivi kwa kilo zinatosha kuua. Mbuzi wa kilo 25 ana nafasi ya miligramu 50, na majani yenye miligramu 200 kwa kilo, kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari, yanamfikisha huko kwa robo kilo, makonzi machache tu. Hata hivyo mwili wa mbuzi una njia ya kuisafisha sianidi, kidogo kidogo, kwa kuibadilisha na kuitoa kwenye mkojo. Mbuzi aliyeshiba, anayedonoa huku akitembea, anaweza kula jumla ya kiasi hicho tangu asubuhi hadi jioni na kurudi bomani akicheua. Yule aliyeshinda na njaa akafunguliwa shambani anakimaliza kwa dakika kumi na kuanguka pale pale, damu ikiwa nyekundu ya kung'aa kwa kuwa seli zimeshindwa kuitumia hewa iliyomo. Wazee wanaokataza kuingiza mifugo yenye njaa kwenye machipukizi ya mtama hawajasoma neno LD50 mahali popote.

Kisa kinachonikosesha usingizi zaidi ni cha tumbusi wa India. Diklofenaki ni dawa ya maumivu. Wengi wetu tumeimeza kwa mgongo au goti. Ng'ombe wakapewa nao, na kwa ng'ombe haikuwa na kasoro yoyote ya kusemwa. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa Asia Kusini wakaanza kuanguka kutoka mitini. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistan wakatoa jibu: tumbusi anayekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa muda mfupi kabla ya kufa hupata figo zilizokufa na chumvi nyeupe ya mkojo juu ya moyo na ini. LD50 kwa tumbusi wa jenasi ya Gyps ni kati ya miligramu 0.1 na 0.2 kwa kilo. Jamii hiyo ni pamoja na tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika, yule yule tunayemwona Serengeti na Mara, naye alipopimwa alikufa vile vile. Tumbusi wa Amerika mwenye kichwa chekundu alipewa miligramu 25 kwa kilo akaendelea na maisha yake. Kwa hiyo hata ukisema "kwa tumbusi" bado hujasema kitu kamili.

Namba ya kutisha kuliko hizo ni nyingine. Hesabu zilionyesha kwamba ilitosha chini ya asilimia 1 ya mizoga kuwa na dozi ya kuua ili jamii nzima iporomoke, na aina moja ya tumbusi ikapoteza zaidi ya asilimia 99 ya ndege wake India. Tumbusi ni ndege wa kukusanyika: mzoga mmoja, makumi ya midomo. India, Nepal na Pakistan zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, nafasi yake ikachukuliwa na meloksikamu ambayo tumbusi wanaivumilia. Hakuna lebo ya diklofenaki iliyokuwa imesema uongo. Iliandikwa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe alikuwa salama. Ila hakuna aliyeuliza ni nani atakayemla ng'ombe huyo.

Swali hilo hilo ndilo linalotuhusu sisi walaji, na hapo kipimo cha kifo hakisaidii tena. Sumukuvu ya aflatoksini iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu, lakini ng'ombe wa maziwa anayekula mashudu kama hayo kwa kiasi kidogo hafi. Anakamuliwa. Asilimia moja au mbili ya sumu aliyokula hutokea kwenye maziwa ikiwa imebadilika sura, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi yaweza kufika sita. Kikomo cha Ulaya kwa maziwa ni mikrogramu 0.05 kwa kilo. Kikomo cha kimataifa cha Codex, tume ya viwango vya chakula, ni 0.5. Mara kumi, kwa chembe moja, kwa tumbo la binadamu yule yule. Mtu akikuambia vikomo hivi vimeshushwa na sayansi peke yake, mkumbushe tofauti hiyo.

Na mabaki ya dawa za mifugo huwekewa mipaka kwa kanuni ya kizamani kidogo: tafuta dozi ambayo haikuleta madhara kwa wanyama wa maabara, igawe kwa 10 kwa kuwa binadamu si panya, igawe tena kwa 10 kwa kuwa mtoto si baba yake. Naiheshimu kanuni hiyo. Lakini ukishaona klorofenvinfosi ikitofautisha panya na mbwa kwa mara 300, unajua kwamba ile 10 ya kwanza ni makubaliano ya watu wenye busara waliohitaji kuanzia mahali fulani.

Yote haya, lakini, yanasimama juu ya kitu kimoja ambacho hatuna: kilo. Miligramu kwa kilo, kwa kilo, kwa kilo, na mfugaji hajui kilo. Maduka yetu yana rafu za chupa kuanzia sakafuni hadi dari, na sijaona mengi yanayouza utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe. Ningekuwa na mamlaka, kabla ya kuongeza rangi nyingine kwenye lebo, ningelazimisha mambo mawili: lebo iandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama jina la dawa, mnyama asiyeruhusiwa kuguswa nayo, na kila duka linalouza sindano liwe na utepe ukining'inia mlangoni, bure kuazima. Nitaambiwa wafugaji hawatautumia. Labda.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa jirani anayetaka kuchoma ivermektini. Alikuwa ameshavuta mililita 6 kwenye bomba la sindano, kwa kuwa kipimo ni mililita 1 kwa kila kilo 50 na ng'ombe wake, kwa macho yake, alikuwa kilo 300. Nikamwomba anishikie pembe. Sikuwa na utepe, nikatumia kamba ya katani na futi ya fundi seremala: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele sentimita 140, urefu kutoka bega hadi mfupa wa kalio 118. Kifua mara kifua, mara urefu, gawanya kwa 10,840. Simu ikasema 213.

"Haiwezekani," akasema. "Huyu?"

Tukapima tena. 139 na 118. Ng'ombe akatupiga mkia. Kwa ivermektini ziada ile isingemwua; ingesukuma mbele tu siku za kusubiri kabla ya kuchinja, ambazo hata hivyo zinahesabiwa kwa wiki. Ingekuwa levamisoli, nisingesema hivyo. Jirani akasukuma kidogo, dawa ikatoka kwa matone kwenye ncha ya sindano mpaka ikasimama kwenye mililita 4 na robo. Akayatazama matone yaliyokwishaanguka kwenye vumbi kama mtu aliyemwaga chumvi, akapiga hesabu ya chupa ngapi kwa miaka mingapi, akachoma. Kisha akaniachia ile kamba mkononi na kwenda kumfungua dume jekundu aliyekuwa amefungwa chini ya mwarobaini.

"Na huyu naye," akasema. "Huyu nilimwambia mnunuzi ana mia nne."